Vitambaa Vyekundu Kwenye Paa la Gari

Baba alinunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, akaligeuza nyumba. Alilipaka rangi nyeupe, akatia kitanda, meko na mapazia, kisha akatangaza kwamba tunampeleka Mama Ziwa Nakuru akaone heroe, wale ndege wa pinki wenye miguu mirefu. Mama alikuwa ametoka hospitalini Upper Hill baada ya miezi miwili, akiwa na mshono mrefu tumboni. Huko wodini alikuwa akiwataja ndege hao kila siku, hadi wauguzi wakamchoka.

"Lakini ukiguna mara moja tu," Baba akamwambia, "nageuza gari. Sitaki mchezo na hizo nyuzi."

"Siguni," Mama akasema.

Tulitoka nyumbani Muthangari, Nairobi, asubuhi, Baba akiendesha kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Taa aliziwasha ili wenye haraka watuone. Miti ya hema aliyoifunga juu ya paa ilichomoza mbele na nyuma, basi kila ncha akaifunga kitambaa chekundu, maana baba yangu ni mtu wa kufuata sheria. Mama alilala kitandani. Mama mdogo, ndugu yake, na mimi tulikaa kando yake tukiimba nyimbo za kanisani kwa sauti nne, ingawa tulikuwa wawili. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtu mzima na kazi yangu, lakini furaha ilinipanda kichwani kama mtoto wa chekechea.

Tulipopita Westlands kutia mafuta, matatu zilitupisha. Zilitupisha! Kangemi wanaume walisimama wakavua kofia, Baba akawapungia mkono. "Nairobi imestaarabika siku hizi," akasema. Kufika Naivasha tulikuwa na magari manne nyuma yetu, yote yamewasha taa, na hakuna hata moja lililotaka kutupita. Kila shimo, Mama aliuma shuka akanyamaza.

Karibu na Gilgil polisi alitusimamisha, naye akavua kofia.

"Poleni sana, mzee. Mnaenda mbali?"

"Nakuru tu. Atakaa siku tatu, halafu tunarudi naye Nairobi."

"Mnarudi naye?" Polisi alikodoa macho. "Kwani marehemu ni nani?"

Hapo ndipo tulipojiona. Gari jeupe, mapazia, nyimbo, vitambaa vyekundu, na barabara ileile ambayo watu wa kwetu magharibi hupitisha maiti zao kwenda kuzika. Pazia likafunguka.

"Ni mimi, afande," Mama akasema. "Na hata chai sijakunywa."

Polisi alirudi nyuma hatua tatu. Mama mdogo alianguka kwa kicheko, nami nikamwangukia. Mama naye akacheka, akacheka, mpaka akashika tumbo na kutoa mguno ambao hata wale wa magari ya nyuma waliusikia.

Sote tukamtazama Baba. Alikuwa ameinamia usukani, mabega yakimtikisika. Nikadhani naye anacheka.

"Hii safari nilishaipanga," akasema bila kuinua kichwa. "Ukiwa wodini. Gari, nyimbo, kila kitu. Ila kwenye mpango ule, wewe hukuwa unaongea."

Mama alijivuta taratibu hadi ukingoni mwa kitanda, akanyoosha mkono, akamshika bega.

"Basi kanyaga mafuta, Baba watoto," akasema. "Huu mwendo ni wa maiti."