Bibi Ataimba Mara Moja Tu

Saa mbili asubuhi, ukumbi wa harusi bado unanukia sabuni. Mwanamke wa miaka ishirini na sita anasimama katikati, anapiga kofi moja, kisha anatega sikio. Ukuta unamrudishia kofi lake.

"Huu ukumbi una mdomo," anasema huku akisogeza spika mbali na kona. "Ukiuchekea, hotuba ya baba mkwe leo haisikiki."

Anashika maikrofoni na kutamka maneno yaliyompa jina: moja, mbili. Mtaa mzima unamwita Mojambili. Ana miaka saba akifunga vyombo vya muziki vya kukodi, na hajawahi kukaa darasani kujifunza kazi hiyo. Msimu wa harusi anakula vizuri; mvua zikianza, hata wiki tatu hupita bila kuunganisha waya.

Ijumaa hii ni siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi katika chuo kimoja kati ya viwili vilivyomkubali. Vyote vinafundisha ufundi wa sauti na kurekodi muziki. Anayemkosesha usingizi ni bibi yake.

Mwaka jana Mojambili aliazima maikrofoni ya studio ili arekodi nyimbo ambazo bibi, aliyemlea, alikuwa akimbembelezea. Maikrofoni alizozoea za ukumbini unazishika mkononi na kuziimbia kichwani. Hii ilikuwa na uso unaosikia na mgongo usiosikia, naye hakujua. Akampa bibi mgongo, uso ukatazama dirishani.

"Bibi kaimba zote, mimi machozi yananitoka," anasimulia. "Kuja kusikiliza, nakuta kuku wa jirani, safi kabisa! Bibi mwenyewe utadhani yuko nyumba ya tatu."

Anacheka, halafu anaacha kucheka. Sauti ya bibi inazidi kukauka, na kwa fundi mwingine hataki kupelekwa. "Nyimbo za kubembelezea mtoto nimwimbie mwanamume nisiyemjua?" bibi anauliza. Sharti lake ni moja: ataimba mara moja tu, mjukuu akishajifunza.

Chuo cha kwanza ni cha miaka mitatu. Mojambili alipopiga kofi lake katika studio yao, halikurudi. "Nilitamani nihamie humo," anakiri. Lakini aliponyoosha mkono kwenye mitambo, mwenyeji wake alimzuia kwa upole: wanafunzi huigusa mwaka wa mwisho, wakishamaliza nadharia.

Cha pili ni cha mwaka mmoja, vyumba viwili juu ya mafundi cherehani. Kuta zimetundikwa mablanketi, na watu wakinyamaza unasikia cherehani zinavyokimbia chini. Huko kurekodi kunaanza wiki ya kwanza. Mojambili alipomsimulia mwalimu habari za kuku, mwalimu alicheka mpaka akakaa.

"Karibu, dada," alimwambia. "Mimi nilirekodi kwaya nzima mgongoni."

Baba yake, karani mstaafu, anapenda kile kikubwa, na hoja yake si ya kupuuzwa. "Sitaki mwanangu aambiwe cheti chako hakitambuliki, rudi ukabebe spika," anasema. "Mbio za sakafuni huishia ukingoni."

Mojambili alijaribu kuwaza namna ya kuvipata vyote viwili, lakini mshika mbili moja humponyoka. Juzi alipiga moyo konde akathibitisha cha mwaka mmoja.

"Baba ana haki," anasema, macho kwenye waya anazozikunja. "Lakini kile kikubwa kitanisubiri hata nikifika miaka thelathini. Bibi hawezi kunisubiri."

Baba alinuna jana kutwa. Leo asubuhi ameuliza nauli ya kufika huko ni kiasi gani.

Mpango wa Mojambili ni kumaliza mwaka huo, kumrekodi bibi, kisha kuomba tena nafasi katika chuo kikubwa. Nyumbani, bibi ameacha kuimba akiosha vyombo. Anasema anatunza sauti.

"Mwambieni mjukuu wangu niko tayari," anaagiza. "Ila safari hii hicho kidude chake kinitazame usoni."