Mguu wa Nguruwe Uliopimwa Nyumba Zote

Mkono niliunyoosha mwenyewe, hakuna aliyenisukuma. Ilikuwa baada ya ibada, huku Kibua, kijiji chetu cha msituni Kongo, katika ile miaka ya hamsini kabla ya uhuru. Madamu mmoja mzungu alikuwa amesimama mbele ya kanisa, mizani iko chini karibu na viatu vyake, akieleza kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba anatafuta nyumba zitakazokubali kupimwa chakula. Si siku moja. Angekuja kila msimu, mwaka baada ya mwaka, akae juma zima, apime kila kinachoingia chunguni kabla hakijapikwa, kisha apime na watoto. Alitaka kujua kwa nini watoto wa huku wanavimba miguu, nywele zao zinageuka nyekundu na wanaacha kucheza. Mahali atakapoona chakula hakitoshi, alisema, maziwa ya unga yataletwa dispensari kwa ajili ya watoto.

Aliposema maziwa, mkono wangu ulikuwa umeshapanda.

Mimi ni mtoto wa Masisi, wa watu wa ng'ombe. Mume wangu alikuwa kantonye, wale waliotengeneza barabara. Alinikuta kwetu milimani wakati wa kazi hiyo, akanioa, akaniteremsha msituni kwao. Huku hakukuwa na ng'ombe hata wa kutazama. Tulikula muhogo, ndizi na sombe, yaani majani ya muhogo huohuo, na nyama siku mtego ukipenda. Binti yangu alipoachishwa ziwa, miguu yake ilianza kujaa. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Alikaa mlangoni kutwa, hataki kuchekeshwa, hataki kubebwa. Wenzangu walisema ni kijicho cha mtu. Mimi nilijua dawa yake ilikuwa inalala zizini kwa baba yangu, safari ya siku kadhaa kwa miguu, na maziwa hayasafiri siku kadhaa.

Kwa hiyo niliutaka ule upimaji kuliko mtu yeyote pale, Madamu mwenyewe akiwemo.

Sasa nimlete mama mkwe wangu. Alikuwa mwanamke mwema, na naomba nikumbushwe hilo, maana humu nitalisahau mara nyingi. Asubuhi ya kwanza ya kupimwa nilimkuta jikoni kwangu, manyoya ya kuku yamejaa hadi kwenye majivu.

"Mama, hii kuku ni ya nini? Madamu anakuya kuona vile tunakulaka."

"Njo maana," akasema. "Mugeni aingie ku nyumba ya mutoto yangu, akute sombe kavu? Batu batasema nini?"

"Baseme vile iko!"

Alinitazama kama mtu anayemsikiliza mlevi. "Ku kwenu Masisi munafungulaka chungu mbele ya mugeni na hamuna kitu ndani? Usitupatishe haya."

Madamu akaja na infirmie, yaani muuguzi wa dispensari, Mkongomani mwenzetu, aliyekuwa anamtafsiria. Kuku akawekwa kwenye mizani. Madamu akaandika, akatabasamu. Infirmie akala paja. Nami nikasimama na ulimi wangu mdomoni, nikiwa mgeni katika kijiji cha watu, nikidhani labda ni nyumba yetu tu yenye kiburi hiki.

Wapi! Kila nyumba ilikuwa imechinja. Wanawake ambao tangu Pasaka hawakuonja nyama walitoa kuku, walitoa samaki wa moshi, walikopa mawese kwa shemeji. Juma lile tulikula kama wafalme, na Madamu alipoondoka tukarudi kwenye sombe yetu, tena haba kuliko kwanza, maana kuku waliokuwa wakitaga walikuwa wamekwisha. Kila msimu ilikuwa hivyo. Nilikuwa nimejitolea kwa utafiti wa njaa, nao umegeuka sikukuu.

Msimu mmoja hapakubaki kuku wa kuchinja kijiji kizima. Nikajisemea, haya, sasa Mungu amenisikia, leo Madamu ataona. Lakini mwindaji mmoja aliyekaa mwisho wa kijiji alikuwa na mguu wa nguruwe wa pori, umekaushwa kwa moshi mpaka mweusi, na kwenye kwato una ufa mrefu. Mguu ule ulipimwa nyumba ya kwanza. Madamu alipokuwa akihamisha mizani, ukapita nyuma ya migomba mikononi mwa mama mmoja na kufika nyumba ya pili kabla yake. Ukapimwa. Ukapita tena. Ulipofika kwangu, mama mkwe aliubeba kwa mikono miwili akauweka mwenyewe juu ya mizani, akaufuta vumbi. Madamu akauandika. Hakuna aliyeukata hata kipande, maana mwenyewe alikuwa anaungoja urudi mzima.

Nilimvuta infirmie pembeni. "Kaka, weye uko na macho. Uliona ule muguu."

"Niliona."

"Basi umwambie Madamu!"

"Mama," akasema taratibu, "mie pia ni mugeni yenu. Bananipatia chakula na roho safi. Niende kusema banadanganya?"

Nikamlalamikia mume wangu jioni. Akasema nivumilie, ni mama. Sijui ni wanawake wangapi wamezeeka kwa neno hilo.

Jambo lililonichoma zaidi ni mizani ya watoto. Binti yangu alipopimwa, uzito ulikuwa umepanda, na kina mama wakashangilia. Ule uzito ulikuwa maji! Madamu alibonyeza mguu wake, akaliona shimo, akakunja uso, akaangalia karatasi zake zilizojaa kuku na nguruwe. Kwa nini mtoto anayekula nyama avimbe? Akatoa dawa ya minyoo. Namwelewa, angefikiri nini kingine? Tulikuwa tumemdanganya kwa adabu mpaka elimu yake ikapotea njia.

Jirani yangu alimzika mwanawe msimu ule wa mvua. Alikuwa na miguu ileile, nywele zilezile. Madamu aliporudi, mama yule, kichwa kimenyolewa kwa matanga, alitoka nje na samaki kwenye sahani ili apimiwe. Nilitaka kuangusha ile mizani. Nilijua nikikaa kimya kaburi la pili litachimbwa nyuma ya nyumba yangu.

Baada ya upimaji ule Madamu alituita kanisani kutuambia alichokiona. Infirmie akatafsiri: watu wa hapa wanakula vizuri, kuliko vijiji vingi. Ugonjwa wa watoto una sababu nyingine, ataendelea kuitafuta. Maziwa ya unga yatapelekwa kijiji kingine, Ntoto.

Wakapiga makofi. Ndiyo, makofi! Kina mama walitazamana kwa furaha kama shule yao imeshinda mashindano. Mama mkwe wangu alipiga kuliko wote.

Nilisimama. Sikumbuki niliwaruka watu gani. Nilimshika Madamu mkono, mkono wa mzungu, kitu ambacho hakuna mwanamke aliyewahi kukifanya pale, nikamvuta mpaka jikoni kwangu na watu wakitufuata. Nikafunua chungu. Ndani mlikuwa na sombe ya jana na donge la ugali wa muhogo, basi. Nikamwambia infirmie, "Tafsiri hii."

Hakukuwa na la kutafsiri. Madamu alitazama chungu, akamtazama binti yangu mlangoni. Akauliza, "Leo tu?"

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe alikuwa ameshapenya katikati yetu.

"Leo tu, Madamu! Huyu bibi ya mutoto yangu ni muvivu. Haendake shamba, hajuwe kupika. Ku nyumba zingine zote banakulaka nyama, ulipima mwenyewe."

Watu wakaitikia kwamba ni kweli. Nikageuka kumtafuta mtu mmoja wa kunitetea, hata mume wangu. Alikuwa anaangalia paa.

Basi iliandikwa kwamba katika kijiji hiki iko nyumba moja yenye njaa, na sababu yake ni mke mvivu. Nikapewa kopo moja la maziwa ya unga, na ahadi ya lingine litakapokwisha, maana safari ile Madamu alibaki dispensari majuma kadhaa zaidi, akiitafuta ile sababu nyingine. Nililipokea. Wangeniita mchawi siku ile ningepokea vilevile.

Binti yangu alikunywa. Maji yakaanza kumtoka, miguu ikapungua mpaka nikaona vifupa vya vifundo vyake, nikalia jinsi vilivyokuwa vizuri. Siku moja akamfukuza mbuzi wa jirani. Nilikuwa sijamwona akikimbia tangu aachishwe ziwa.

Halafu vikombe vikaanza kuja. Vilikuja kwa mlango wa nyuma, chini ya vitenge, na walewale waliopiga makofi. "Mama, utupatieko kidogo kwa mutoto." Ningefanyaje? Mtoto hakupiga makofi. Nilimimina huku nikigomba, na kila nilipomimina chini ya kopo lilizidi kuonekana. Mwisho akaja mama mkwe mwenyewe, amembeba mjukuu wake mwingine, mtoto wa shemeji yangu. Miguu ya mtoto ilikuwa inang'aa kwa kuvimba.

Nikaweka kopo chini. "Mama, ku nyumba yao si banakulaka nyama?"

Akavuta kitenge, akaifunika ile miguu.

"Mie sitamimina tena. Hii haitoshe watoto wawili, itaua wote. Uende ku Madamu kabla hajarudi. Useme."

Nilisema kwa sauti ambayo mkamwana hapaswi kuwa nayo. Mama mkwe akafunga kilemba upya, akamweka mtoto mgongoni, akashika njia ya dispensari. Nikamfuata kwa mbali kidogo, maana sikumwamini.

Madamu alikuwa anafunga masanduku yake. Mama mkwe alisimama mbele yake wima kabisa.

"Madamu, nilikudanganya," akasema, na infirmie akawa anatafsiri. "Ile siku nilisema huyu bibi peke yake ni muvivu. Hapana. Hapa wanawake bote ni bavivu. Hakuna nyumba iko na nyama. Na mimi njo muvivu wa kwanza."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtikisa mpaka meno yagongane. Hata pale, mtoto akiwa anakoroma mgongoni mwake, neno njaa lilikataa kumtoka! Lakini infirmie, Mungu ambariki, safari hii alitafsiri zaidi ya alichosikia. Niliona Madamu akikaa polepole juu ya sanduku.

Makopo yalikuja juma lililofuata, yamefungwa nyuma ya baiskeli ya infirmie. Alifika kwetu mchana, jasho linamtoka. Mama mkwe alimkaribisha kiti, akaingia jikoni, akakawia. Nikadhani ameenda kukopa kuku kwa mtu, na hasira yangu yote ikaanza kurudi. Akatoka na sahani moja. Ugali wa muhogo na sombe, hakuna kitu kingine. Aliiweka mbele ya mgeni kwa mikono miwili.

"Njo hii tunakulaka," akamwambia.

Kisha akageuka, akaingia ndani, na hakutoka mpaka mgeni alipoondoka.