Bandeji za Mtihani

Juma lililopita nilipeleka jicho langu bovu kwenye dispensari moja ya njia ya Mkiwa, nikakuta wanafunzi wa udresa, kazi ya kufunga vidonda, wanafanya mtihani. Bwana Daktari wa Kizungu alikaa kitini, na mezani alilazwa tarishi wake, mzima wa afya, shavu linang'aa.

"Huyu amevunjika paja na kupasuka kichwa," Daktari alisema. "Mfungeni."

Wakamzungushia bandeji toka utosini hadi kisigino. Kila walipomgusa tarishi alipiga yowe, maana aliamriwa kupiga yowe. Daktari akapitisha kidole kwenye mikunjo, akatabasamu. Wote wamefaulu!

Barazani tulikuwapo wagonjwa tangu asubuhi. Mama mmoja wa Kinyaturu, aliyejikata mguu kwa jembe, alikuwa ameufunga kwa kipande cha kaniki, na damu bado inachuruzika. Akachechemea mpaka mlangoni.

"Wanangu, nami nifungeni."

"Shikamoo, mama," akasema dresa mpya kwa adabu zote. "Bandeji zimekwisha. Njoo juma lijalo."

"Marahaba." Mama akamnyoshea kidole tarishi. "Na zile?"

"Zile ni za mtihani, mama. Bwana Daktari anakwenda kuzionyesha bomani."

Basi yule aliyevunjika paja akaruka chini, akajitwika sanduku la Daktari, akalikimbiza hadi kwenye motokaa. Mama akarudi kwao kwa miguu, kaniki yake imelowa.

Nawapongeza madresa wetu, kazi wanaijua. Ila ndugu msomaji, ukitaka wakutibu vizuri, nenda ukiwa mzima.