Chini ya Kiuno

Nilimlaza mwanangu juu ya kabati. Naanza na hilo kwa sababu ndivyo walivyoandika wao kwenye karatasi ya kaunti, na karatasi yenyewe haikuwa na nafasi ya kueleza zaidi. Mtoto wa miezi mitano, juu ya kabati fupi la droo, kwenye kipande cha godoro, amefungwa kwa kitenge asianguke. Yote kweli. Sasa nieleze mimi.

Tulipofika Minnesota, Marekani, tulipewa nyumba katika mji wa New Hope, ile ya chini kabisa. Nusu yake imo ardhini. Dirisha la chumba cha kulala lilikuwa sawa na theluji ya nje, ukichungulia unaona viatu vya watu na magurudumu ya magari. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Mama yangu, tuliyekuja naye, alishuka zile ngazi akizihesabu. Zilikuwa sita. Akasimama mlangoni hataki kuingia.

“Hapa ni shimo,” akasema.

“Mama, hii ni nyumba.”

“Sijasema si nyumba. Nimesema imo ndani ya shimo.”

Mume wangu akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua mama anachokifikiria.

Kijiji chetu kilikuwa kwenye mteremko wa volkano ya Nyiragongo, juu ya Goma, Kongo. Watu wa kazini wakijua hivyo wananiuliza habari za moto. Ndiyo, niliuona. Uliteremka nikiwa mdogo, tukakimbia na masufuria kichwani, ukapoa, tukarudi tukajenga juu yake. Kuta zetu zilikuwa za mawe hayo hayo meusi. Kabichi tuliziosha majivu kabla ya kuzikata. Bati la nyumba lilitoboka mapema kwa sababu ya mvua chungu, na maji tuliyokinga yalikuwa na ladha ya misumari. Usiku mbingu juu ya mlima ilikuwa nyekundu, nasi tukalala. Mtu huzoea.

Kitu ambacho hatukukizoea ni mazuku. Ni hewa mbaya inayotoka ardhini. Haina rangi, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inakaa mabondeni na mashimoni kama maji, hasa asubuhi kabla upepo haujaamka. Mbuzi anashuka kula majani, analala. Mbwa anamfuata, analala. Mtu mzima anapita hapo hapo amesimama, hana habari, kwa sababu kichwa chake kiko juu. Kichwa cha mtoto hakiko juu.

Mdogo wangu alikuwa na miaka minne. Shimo lile lilijulikana, lilikuwa na mti uliofungwa majani makavu kuonya watu, lakini mtoto wa miaka minne anaona mbuzi, haoni mti. Alipiga magoti amvute mbuzi sikio. Mama alikuwa akipalilia maharage karibu pale, akamwona ameinama, akadhani anacheza. Jirani alibana pumzi, akamvuta mguu akamtoa. Hakuwa na jeraha popote.

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu tulikuwa na sheria moja: chini ya kiuno ni pa mlima. Mtoto mchanga hawekwi chini, hata dakika moja. Anakaa mgongoni, au analala kwenye uchaga wa mbao unaofika kifuani kwa mtu mzima. Na kabla ya kuingia mahali pa chini, unawasha unyasi, unauteremsha. Moto ukizimika, unarudi ulikotoka.

Nilimaliza sekondari. Kemia nilifaulu. Nilijua vizuri kwamba Minnesota hakuna volkano, nchi yenyewe ni tambarare kama meza. Lakini nilikuwa nakwenda kufua mashuka hospitali moja ya Minneapolis, mume wangu anasafisha sakafu kwenye maduka makubwa ya Roseville, na anayebaki na mtoto ni mama. Kliniki walitupa kitanda cha mtoto chenye fito. Mama akatia humo viazi na mfuko wa mchele. Akampandisha mtoto kwenye kabati. Nilijiambia nimemwacha afanye hivyo ili apate amani. Uongo. Mimi pia nililala vizuri zaidi mtoto akiwa juu.

Na niseme na hili, maana nimesema nitaeleza. Siku moja nilimkuta mtoto amelegeza kitenge, mguu mmoja unaning'inia hewani. Nikakaza fundo. Sikumwambia mtu.

Kwa hiyo nesi aliyekuja kumpima uzito alikuwa na haki, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alikuwa mtu mzuri. Alivua viatu mlangoni. Akaona kabati, akaona viazi kitandani, akatabasamu, akasema mtoto ana afya nzuri, akatoka akatushitaki.

Siku mbili baadaye akaja mwanamke wa kaunti, mchana, na simu yenye mkalimani ndani yake, Mtanzania. Niliwaambia Kiingereza nakijua. Yule mwanamke akasema ni utaratibu. Basi akaiweka simu mezani, akaeleza polepole: leo, kabla hajaondoka, lazima aone mtoto amelazwa kwenye kitanda chake, kitanda kitupu, kilicho sakafuni. Asipoona, itabidi ampigie mkubwa wake waamue mtoto alale wapi.

Nilielewa kabla mkalimani hajafungua mdomo. 

Mtoto alikuwa mgongoni kwa mama. Mama alisikia Kiswahili cha mkalimani, akakaza kitenge fundo la pili.

“Mama, mfungue,” nikasema.

“Simweki chini.”

“Mama! Watamchukua!”

“Yule mwingine nani alimchukua?”

Mkalimani akakohoa. “Samahani mama, nifasiri hiyo pia?”

“Fasiri,” mama akasema. “Mwambie hapa ni chini. Mwambie mimi najua mazuku.”

“Mazuku ndiyo nini, mama?”

“We mtoto unatoka wapi?”

“Tanga, mama.”

“Ee. Huko kwenu shimo ni shimo tu.”

Nikaeleza mimi. Nikaeleza hewa, nikaeleza mbuzi, nikaeleza mdogo wangu, kwa Kiingereza, nimesimama katikati ya sebule na aproni ya kazini. Yule mwanamke akaacha kuandika. Akasema pole, na alimaanisha, sikatai. Kisha akasema msiogope, hapa kila nyumba ina kengele ya gesi. Akaonyesha kidude cheupe ukutani, kwenye korido. Mashine ya kupasha nyumba joto ikiharibika inatoa gesi isiyo na harufu, inaua watu wakiwa usingizini. Kengele inalia kwanza.

Mkalimani akafasiri. Mama akamtazama yule mwanamke, halafu akanitazama mimi.

“Kumbe wanayo,” akasema.

Mwanamke akaenda kubonyeza kitufe ili tusikie. Kimya. Akabonyeza tena. Akakifungua. Ndani hamkuwa na betri hata moja.

Hapo nililipuka. Kiingereza changu siku ile hakikuwa na kosa. Nilimuuliza nani ataandikiwa karatasi kwa hiyo. Nilimuuliza kama meneja wa jengo naye ana watoto, na kama leo mtu atakwenda kuangalia wanalala wapi. Nimemlaza mwanangu juu kwa sababu ya hewa inayoua, mmekuja kuninyang'anya, na hewa yenyewe mnaijua, na mashine yake mnayo, na mashine imekufa! Mkalimani akaanza kumfasiria mama.

“Acha, mwanangu,” mama akamwambia. “Hiyo nimeelewa.”

Yule mwanamke akawa mwekundu mpaka shingoni. Akampigia meneja. Mimi nilimwandikia meneja huyo huyo barua mbili kuhusu dirisha linalovuja, sikuona mtu. Safari hii alifika haraka, anahema, na kengele mpya kwenye boksi. Ikafungwa. Ikabonyezwa. Ikapiga kelele kali, mtoto akaanza kulia mgongoni.

Mwanamke akasema tena, kwa upole, kwamba gesi hiyo inachanganyika na hewa ya chumba chote. Kabati halisaidii.

“Basi chumba chote ni shimo,” mama akajibu. “Nilisema tangu siku ya kwanza.”

Lakini hakufungua kitenge. Kalamu ya yule mwanamke ilikuwa inangoja, meneja anangoja.

“Kidude chao kimelia,” mama akasema. “Mimi sijaona kitu. Nipe kiberiti.”

Nikatoa viazi. Nikatoa mchele. Nikampa kiberiti. Meneja akafungua mdomo kusema jambo kuhusu moto, mwanamke wa kaunti akamshika mkono. Mama akawasha kijiti, akainama taratibu na mtoto mgongoni, akakiteremsha kando ya kitanda mpaka karibu na zulia. Nilijikuta nimebana pumzi kama yule jirani.

Moto ulisimama wima. Aliuacha uwake mpaka ukafika vidoleni, akaupuliza, akabaki ameinama kidogo, anavuta hewa ya pale chini kwa pua yake mwenyewe. Ndipo akafungua fundo la kwanza, na la pili.

“Haya, kamama,” akamwambia mtoto. “Lala.”

Mtoto alitazama fito, akashika moja, akanyamaza. Yule mwanamke akaandika.

Barua ya kufunga kesi ilikuja baada ya wiki kadhaa. Ilieleza kabati. Betri haikutajwa. Bado ninayo barua hiyo, na bado nikiisoma nakasirika upya.

Mtoto analala kitandani kwake, sakafuni. Najua kiberiti hakipimi gesi ya mashine ya joto. Kengele inapima ya kwao, kiberiti kinapima ya kwetu. Kila mchana kabla ya kumlaza, mama anawasha kijiti kimoja, anakiteremsha, anangoja.  Viberiti nanunua mimi.