Mwizi wa Kabati la Magauni

Shangazi yangu, fundi cherehani, ni mkali kama pilipili. Kwenye kabati la magauni ya harusi huweka vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu. Kila mara vilipopungua alimshuku wifi yake, mpaka akatia kufuli na kuuvaa ufunguo shingoni. Juzi alifungua, akakuta vimeisha vyote, na chini pakavu.

Mimi hufundisha sayansi, nikamwambia, "Shangazi, hivi haviyeyuki kuwa maji. Chembe zake hujinasua moja moja na kuruka hewani; ndizo hiyo harufu unayoisikia."

Akaingiza kichwa kabatini, akavuta pumzi ndefu. Akakitoa, akasema:

"Kumbe miaka yote namtafuta mwizi, na huku namvuta kwa pua!"

Akauvua ufunguo shingoni, akaenda kumvisha wifi yake.