Meli ya Nangara

Mwezi uliopita nilirudi Babati kwa kipaimara cha mtoto wa dada yangu, na kabla sijafika kanisani nikasimamisha bajaji mbele ya geti la watu nisiowajua. Kona moja ilikuwa imebanduka rangi. Chini ya nyeusi palikuwa na kijani, chini ya kijani njano, kisha bluu, na chini kabisa nyeupe. Nikaligusa. Bati zito namna ile halikutoka dukani, rafiki yangu. Lilitoka kwenye meli yetu.

Usicheke. Najua kwetu hakuna bahari. Ilikuwa boti ya chuma ya matembezi, yenye injini, vitanda na jiko dogo ndani, iliyoletwa na Mjerumani mmoja wa kazi za barabara kabla sijazaliwa. Ilikuja kwa maji mpaka Tanga, kisha kwa lori. Mzungu alikuwa amesikia tuna ziwa. Nadhani hakukumbuka kuuliza ukubwa wake. Ukibandika chai wakati boti inaondoka, ilikuwa ng'ambo kabla maji hayajachemka. Watu wa mjini wakaiita meli, na jina likabaki hilo.

Babu yangu ndiye aliyefundishwa kuiendesha. Mjerumani aliporudi kwao alimwachia padri, naye akaipaka bluu na kuvuka nayo kwenda kusomea misa. Padri akahamishwa. Ikachukuliwa na mchuuzi wa samaki, akang'oa vitanda, akaipaka njano na kujaza perege. Baadaye akaja mwenye hoteli na rangi yake ya kijani, viti na redio, na kila Jumapili akawatembeza maharusi kuwaonyesha viboko. Wenye mali walibadilika, dereva akabaki yuleyule. Sisi watu wa bara hatukujua kusema nahodha. Babu alikuwa dereva wa meli, na wenzake wa malori walimtania kwamba ni dereva pekee Babati asiyekula vumbi.

Injini ilipokufa, mwenye hoteli akamwambia, "Mzee, ichukue tu, nimeichoka." Majirani wakaleta maksai wao, wakawafunga nira kama wanakwenda kulima, wakaiburuta juu ya magogo hadi uani kwetu Nangara, kule chini karibu na maji. Bibi aliwapikia makande wote waliovuta, kisha akalalamika wiki nzima kuhusu kuni zake.

Kuanzia hapo, ukiniuliza, mwenye meli alikuwa bibi. Panya hawakuweza kutoboa chuma, kwa hiyo mahindi na mbaazi zetu zilihamia ndani. Kuku walitaga chini ya tumbo la meli. Mvua ikinyesha tulijibanza humo na wajukuu wenzangu tukipukuchua mahindi, vidole vikiuma, huku juu pakilia kama watu wanamwaga maharage. Mle ndani palinuka mafuta ya injini, mbaazi kavu, na perege wa yule mchuuzi, ambao harufu yao haikutoka hata bibi alipopasugua kwa majivu. Leo ningelipa nauli ya kutoka Dar kwa ajili ya kuinusa tena.

Babu hakubishana na bibi kuhusu magunia. Alikwangua kutu, akaziba matundu kwa lami, na jioni akakaa kwenye kiti chake cha udereva, mikono kwenye usukani. Alitaka jambo moja tu, kuirudisha ziwani, hata kwa kuisukuma kwa mti, hata siku moja. Maksai wasingevuta tena; majirani walisema ng'ombe wao waliaibika vya kutosha. "Maji yatakuja yenyewe," alikuwa akisema, na bibi akamjibu, "Yakija, Baba Paskali, yatanikuta mimi nimeshakufa." Paskali ni baba yangu.

Yalikuja masika moja. Ziwa lilipanda, likafunika mashamba na mahindi machanga, na asubuhi tukaamka maji yako mlangoni. Babu alikuwa tayari ndani ya meli, suruali imekunjwa, mti mrefu mkononi. Meli ikatikisika. Nilimwona anacheka peke yake. Magunia yetu machache yasingeizuia, na ziwa lilikuwa pale, mita chache, halina kizuizi.

Ndipo majirani walipoanza kuja. Mahindi ya shambani yalikuwa yamekwenda, na ya akiba yalikuwa yanaloa majumbani. Mama jirani alifika wa kwanza, maji kiunoni, gunia kichwani. "Shikamoo, Mzee," akasema. Babu alimwangalia, akaangalia ziwa, akaitikia marahaba. Akaweka mti chini, akapokea gunia. Wakaja wengine, wale wale wa maksai, na babu akawapokea wote, akipanga magunia vizuri ili yasiguse ubavu. Kila gunia lilipoingia, meli ilishuka kidogo, mpaka ikakaa tena kwenye tope na haikutikisika.

Maji yalirudi nyuma, watu wakachukua vyao, wakashukuru. Babu alingoja masika nyingine, na nyingine. Ziwa halikufika tena. Alipofariki, baba zangu wadogo waliita mafundi wa kuchomelea, wakaikata vipande.

Pale uani sasa kuna nyumba ya kupanga. Ziwani nimeona mitumbwi ya wavuvi tu, na vijana niliowauliza habari za meli walidhani nawatania. Nawakumbuka wote, bibi na majivu yake, hata kuku. Lakini siku ile ya mafuriko ndiyo nisiyoweza kuitua. Mtu aliyengoja miaka yote ile alishika gunia la jirani kwa mikono miwili, na hakuna kati yetu aliyemwambia pole. Sote, sisi na majirani, tulikula mahindi yale aliyoyaokoa mpaka mavuno yaliyofuata, pamoja na maziwa mgando, na yalikuwa matamu. Hilo ndilo linaloniuma.