Mume wa Lea

Katika kata yetu yote huku milimani, kaka yangu Elinaza ndiye pekee anayejua Kijapani, na hakuna hatari ya mtu kulisahau hilo, maana mwenyewe hukumbusha. Ukipita kwake kuazima shoka, utaondoka na shoka na neno la Kijapani juu yake. Mimi ni Magreth, mdogo wake, nyumba yangu iko chini ya yake, na nimeazima vingi. Siku nilipoazima kamba ya kufungia ng'ombe nilisimamishwa mlangoni hadi nikaweza kutamka ng'ombe wanavyomwita Wajapani. Wanamwita ushi. Nilikuwa na haraka, ndama alishaingia kwenye tangawizi ya jirani.

Lugha hiyo aliitoa huko Ndungu. Akiwa kijana asiye na ndevu aliteremka bondeni kutafuta kibarua, wakati wataalamu wa Kijapani walipokuwa wakitengeneza mashamba ya mpunga, akawa anawabebea vyombo vya kupimia. Wenzake walipolipwa walinunua baiskeli. Yeye alirudi na lugha, na kalenda. Mtaalamu mmoja alimwachia kalenda ya mji aliozaliwa, Kanazawa, yenye picha ya bustani ya kale, na ndani ya bustani bwawa, na kando ya bwawa taa ya mawe iliyosimama kwa miguu miwili. Miaka ya kalenda hiyo imekwisha zamani lakini bado inaning'inia sebuleni. Alipokuja kuwa mwongoza wageni, hata Wazungu waliofuata nyani na misitu waliketishwa chini ya kalenda wakasimuliwa Kanazawa. Alikuwa na hamu moja tu maishani, kusimama mbele ya taa ile, na sote tulikuwa tunaijua.

Mkewe ni Lea. Kaka huwatembeza wageni, Lea huwalaza na kuwalisha. Wageni wakiondoka huandika maoni yao mtandaoni, na binti yao Agape, anayefanya kazi Dodoma, akija likizo huyasoma kwa sauti. Makande ya Lea. Kicheko cha Lea. Asubuhi moja na Lea bombani. Mwishoni kabisa, kama chumvi iliyosahauliwa: mume wake naye anajua historia. Hapo kaka huinuka akasema anakwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe wale wameangaliwa sana.

Mume kumwonea wivu mwanaume mwingine tumezoea, hata kanisani kesi hizo zinafika. Huu ulikuwa wa aina yake. Kaka yangu alimwonea kijicho mke wake mwenyewe, anayemfulia na kumpikia, na hakuwa na pa kumshtaki.

Mwaka juzi, mwezi wa Agosti, akaja Haruko. Ni mwanamke aliyevuka hamsini kama Lea, mfupi, mwenye kofia pana, na kazi yake ni ile ile ya kaka, ila yeye anaifanyia huko huko Kanazawa. Huwapitisha wageni kwenye mitaa ya kuta za udongo walikoishi askari wa zamani, akawakalisha chini wanywe chai ya unga wa kijani, akawapeleka kwa mafundi wanaoponda dhahabu mpaka inakuwa nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Alikuwa anatafuta mwenyeji wa kubadilishana naye. Mtu wa huku angekwenda kwao wakati wa maua, akae na familia, aone wanavyopokea wageni, kisha Haruko angeleta wateja wake huku kwetu. Hakuna aliyeuliza ni nani angekwenda. Kaka alishashonesha suti.

Siku ya kwanza alimpeleka Malameni, kwenye mwamba ambako wazee wanasema watoto waliotanguliza meno ya juu walitupwa zamani zile. Mimi habari za mwamba huo nakumalizia tukiwa tunapanda. Kaka alitumia asubuhi nzima kuzisimulia. Siku ya pili akampeleka mapangoni, na huko nako akajaza maneno. Nilikutana nao njiani wakirudi, Haruko akiitikia kwa adabu na kuinamisha kichwa, na nikaona mama huyu amechoka masikio kuliko miguu.

Siku ya tatu ilikuwa msaragambo, kazi ya kijiji ambayo kila nyumba lazima itoe mtu. Tulikuwa tunazoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Nilimpitia Lea, nikamkuta ameshaweka jembe begani. Haruko alikuwa ameketi barazani peke yake, maana kaka alikuwa bado ananyoa ndevu kwa ajili ya safari ya msituni. Akatuuliza kwa mikono tunakwenda wapi. Lea akamtazama, akaingia stoo, akatoka na jembe la pili akamkabidhi.

"Mgeni siku mbili," aliniambia. "Na hizi mbili, wifi, ameshazitumikia."

Kaka akatoka mbio na povu shavuni. "Mama Agape! Mgeni wa kulipia unampa jembe?"

"Muulize kama hataki."

Haruko alikuwa ameshatutangulia kwenye kona.

Pale ndivani aliingia kwenye tope mpaka magotini. Bibi Honorata, msimamizi wetu, alimfokea kwa kuchota kidogo kama anavyotufokea sisi wote, naye akaelewa, akachota zaidi. Lea aliweka mguu wake kando ya mguu wa Haruko ndani ya tope, wakaona ni kipimo kimoja, wakacheka hadi wakashikana wasianguke. Mchana tulikula makande sufuria moja. Wakati wote huo kaka alisimama ukingoni na viatu safi, tayari kutafsiri, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa neno lolote. Bibi Honorata ndiye aliyemwona.

"Elinaza, kama huna jembe sogea. Unatuzibia upepo."

Jioni tulikuwa jikoni kwa Lea, yeye na mimi tukimenya ndizi, Haruko kwenye kigoda, kaka mlangoni. Haruko akaanza kusema na kaka, akimtazama Lea. Alisema kwa muda, mkono kifuani, kisha kaka akamkatiza. Akamgeukia mkewe.

"Anasema ameshukuru makande."

"Basi?" Lea aliuliza.

"Basi."

"Mwambie karibu tena, na akija aje na jembe lake."

Kaka akalichukua neno hilo la mzaha akatoa kwa Kijapani sentensi ndefu yenye uzito wa mahubiri. Uso wa Haruko ukashuka. Alimwinamia Lea kidogo, kama mtu aliyenyimwa kitu kwa heshima, na Lea akaniangalia kuuliza tumemkosea nini. Mimi nikaona maneno mengi yameingia na machache yametoka. Lakini anayejua lugha ni mmoja tu nyumba nzima, utambishia kwa kipi? Nikaendelea kumenya.

Barua ya mwaliko ilipofika ilikuwa na jina la Elinaza. Lea aliinyoosha suti ile mwenyewe, akamfungia tangawizi na kanga za kumpelekea Haruko, akamsindikiza hadi stendi ya Same akiwa na furaha ambayo haikuwa na doa. Nadhani ilimchoma kaka. Lea angenuna kidogo, kaka angesafiri kwa raha.

Ya huko aliniambia mwenyewe baadaye, kwa vipande, kama mtu anayetolewa mwiba.

Anasema alishuka kwenye treni akiwa na hotuba moyoni. Angewaeleza habari za kalenda, za Ndungu, za mtaalamu aliyemfundisha. Haruko alikuja kumpokea na wageni wake wa siku hiyo, akamwonyesha kaka kwa mkono akawaambia, huyu ni mume wa Lea-san, yaani Bi Lea kwa heshima ya kwao. Wote wakafurahi. Aa, mume wa Lea-san. Wakaenda kwa mama wa chai, naye akiwa amepiga magoti na bakuli mkononi akauliza Lea-san hajambo. Fundi wa dhahabu naye akauliza. Katika ofisi ndogo ya Haruko, ukutani, palikuwa na picha moja kubwa, Lea amesimama ndani ya tope la ndiva, jembe juu, mdomo wazi kwa kicheko. Kaka hakuwepo hata pembeni ya picha ile. Viatu vyake tu vilionekana, safi, ukingoni.

Siku ya pili wakaenda kwenye bustani. Maua yalikuwa yametoka, bwawa lilikuwa pale, na taa ilikuwa pale kwa miguu yake miwili, ndogo kuliko alivyoiweka akilini. Mzee mmoja wa huko, mwenye kibendera, alikuwa anaieleza kwa sentensi chache tu na watu walikuwa wanamsikiliza. Haruko akampiga kaka picha mbele ya taa.

"Tumtumie Lea-san," akasema.

Kaka anasema alikuwa amesimama mbele ya kitu alichokitamani tangu ujana, na alichokuwa anafikiria ni kwamba hata picha hii ni ya mke wangu. Alitaka kulia na alitaka kumrushia mtu jiwe. Nilimwambia jiwe hilo angejirushia.

Asubuhi ya tatu Haruko alimwambia kwamba siku hizi ziara zake zote zina siku ya tatu, na wateja wanaipenda kuliko chai na dhahabu. Wanaiita Siku ya Lea. Mgeni hupewa chepe, akaungana na majirani kuzoa tope kwenye mfereji wa zamani unaopita mbele ya nyumba zao. Mlangoni zilikuwa zimepangwa gambuti, jozi kubwa na kando yake jozi ndogo, mpya, bado zina karatasi ndani.

"Hizi ndogo za nani?"

"Za Lea-san."

Kaka akasema Lea si alishindwa kuja.

"Uliniambia hivyo," Haruko alisema. "Hawezi kuacha ng'ombe, na anakutuma wewe badala yake. Jioni ile hukuniacha nimalize. Nilisema nataka Lea-san aje, na nilikuwa nakuja kusema, na wewe uje naye, maana nani angemtafsiria? Nafasi zilikuwa mbili tangu mwanzo. Nikanunua gambuti hata hivyo. Nilidhani utambembeleza."

Kaka alivaa zile kubwa akaingia mfereji wenye maji ya baridi ya kukata mifupa. Majirani walimsifu anavyochota. Mmoja akasema, ndiyo maana, ni mume wa Lea-san.

Alirudi nyumbani jioni ya mvua. Nilikuwepo, nilikwenda kupokea mgeni na, sitaki kuficha, kupokea zawadi. Akatoa vitambaa, akatoa visahani, mwisho akatoa gambuti ndogo akaziweka sakafuni. Lea akaingiza mguu. Zikamkaa.

"Amejuaje mguu wangu?" Akacheka, kisha akakumbuka tope la ndiva, kisha akaacha kucheka. "Mtu hanunui gambuti za kumpa mtu aliye mbali, Baba Agape. Hizi zilikuwa zinanisubiri huko."

Kaka angeweza kutafuta la kusema. Maneno anayo kwa lugha tatu. Akaketi chini ya kalenda yake akasema yote. Akasema alimwonea wivu, hivyo hivyo, kwa neno hilo, na kwamba wivu huo ulianza siku nyingi kabla ya Haruko, na kwamba hata sasa akizitazama gambuti hizo bado upo.

Watani zetu Wachaga wanasema Mpare huuza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Nilijua tunakwenda kwa wazee wa ukoo, tutakaa mpaka Krismasi. Lea hakuita mtu. Alivua kilemba chenye mvua akakikamua mlangoni.

"Jioni ile alisemaje? Maneno yake yote, bila kupunguza."

Kaka akayasema. Lea aliyasikiliza akiwa amesimama, gambuti miguuni, kama mtu anayesomewa wosia.

"Mpigie. Ya video."

Kwao ulikuwa usiku wa manane. Haruko akatokea kwenye simu na nywele za usingizini, akamwona Lea, akafurahi. Lea hakumtazama mumewe hata mara moja. Alimkazia macho Haruko, na kaka akaona hana pa kupitia, maana neno lolote likipungua njiani lingeonekana limekosekana kwenye uso ule.

"Mwambie sikukataa. Niliambiwa ameshukuru makande."

Kaka akaisogelea simu. Akasema. Uso wa Haruko ukatulia, macho yakahama kutoka kwa Lea yakaja kwake, yakakaa hapo muda, na kaka akainamisha kichwa kama walivyomfundisha huko.

"Mwambie nakuja. Mwakani, maua yakitoka."

Akasema. Haruko akaziba mdomo kwa viganja viwili.

"Mwambie mtafsiri anitafutie huko huko. Huyu wangu atabaki na ng'ombe."

Kaka akamgeukia. "Mama Agape."

"Sema."

Mvua ilikuwa imeshika mabati na mimi Kijapani sikijui. Lakini neno moja nililifundishwa mlangoni pale pale, siku niliyoazima kamba ya ng'ombe, na nilitega sikio. Kaka yangu akaigeukia simu. Kisha akafungua kinywa akasema yote, na neno ushi likatoka likiwa zima.